Nilichompa Babako Siku ya Tatu

Mwanangu Athmani,

Umetoka sasa hivi kwenda kuwaaga shangazi zako wa Tononoka, na umesema ukitoka huko utavuka Feri ukamuage mjombako Likoni. Kwa hivyo nina muda mpaka magharibi. Nimechukua kalamu yako na wino wako bila kukuomba. Naandika kwa hati za Kiarabu kwa kuwa ndizo nilizofunzwa chuoni. Hizi zenu za shule nazisoma kwa shida, na kuziandika siwezi. Hati yangu ni mbovu na mkono umezoea sindano kuliko kalamu, basi soma polepole.

Ya baridi ya Nairobi, ya kufua nguo, ya kuswali kwa wakati na ya kuchagua marafiki nimekwambia wiki nzima mpaka ukaanza kuitikia bila kusikia. Shangazi zako wanakwambia hayo hayo hivi sasa, na wanakulisha. Mimi nataka kukwambia jambo moja tu, nalo ni la miaka minane.

Wakumbuka siku ile mwalimu wako alipokuja kutupa habari kwamba umekubaliwa kujifunza kazi ya hospitali. Alikuuliza mbele yangu kwa nini hukutaka ukarani, na alama zako zatosha. Ukamjibu, "Nataka kujua kilichomuua babangu." Ulisema kwa sauti ya kawaida, kama mtu anayetaja saa. Mimi nalikuwa naingia na sinia ya kahawa. Niliitua, nikarudi jikoni, nikashika ukuta. Mwalimu alidhani nimeshikwa na uchungu wa kukumbuka. Haikuwa hivyo, mwanangu. Wewe unapanda gari la moshi, unakwenda kukaa miaka katika nchi ya watu ili utafute kitu ambacho mimi nimekaa nacho hapa nyumbani, chumba cha pili na chako.

Sikijui chote. Nakijua kipande changu.

Babako ulimjua kwa umri wa mtoto wa miaka tisa, kwa hivyo yako mengi hukuyaona. Ulimwona fundi wa milango, mwenye vumbi la msaji kwenye nyusi, mwenye penseli aliyoisahau juu ya sikio mpaka akalala nayo. Karakana yake ilikuwa kwenye kichochoro cha nyuma ya Ngome, na asubuhi ulipokuwa unampelekea chai mlikuwa mkisikia wafungwa wakihesabiwa ndani. Hukujua kwamba alikuwa na ngiri. Uvimbe ulikuwa hapa, kwenye kinena, mkubwa kama limau, na ukitoka aliurudisha kwa mkono akaendelea na kazi. Alikuwa nao tangu kabla hatujaoana. Aliufunga kwa kitambaa chini ya kikoi, na hapana mtu aliyeujua ila mimi. Nami nilimshonea kile kitambaa. Kila kilipochakaa nilimshonea kipya, nikakikunja nikakitia chini ya mto wake bila kusema neno. Nilidhani kule kunyamaza ndiko kumheshimu mume. Mara moja tu nilimwambia aende hospitali, akanijibu, "Nikamvulie nguo nani?" Tukacheka, yakaisha.

Ilikuwa wakati wa vita, mwaka ule tuliokuwa tukiziba madirisha kwa magunia taa isionekane nje. Jumatatu moja mchana, yeye na mwenzake walikuwa wakiinua ubao wa mlango kuutia kwenye fremu. Walikuwa wameinua milango mia kama ule. Safari hii ngiri ilitoka, na alipoirudisha haikurudi. Alikuja nyumbani kwa miguu, ameinama, mkono ndani ya kikoi, na njiani aliwaitikia watu salamu.

Sasa sikiliza vizuri, maana hapa ndipo kosa la kwanza. Nilimwambia twende hospitali. Nyanyako, Mungu amrehemu, akasema hospitalini mtu huenda akiwa hana tena la kupoteza, na kwamba aitwe mkandaji. Sikubishana naye. Sisemi kwamba yeye ndiye aliyekosea. Yeye alisema alilolijua, na mimi nilikuwa na miguu na buibui na sauti. Mkandaji akaja Jumanne asubuhi na mafuta ya moto, akakanda na kusukuma, babako anauma kitambaa. Jioni akarudi tena. Tumbo lilikuwa limevimba na gumu, ukiligonga kwa kidole linalia. Jumatano alfajiri alitapika kitu cha kijani, halafu kitu cheusi kinachonuka kama choo. Hapo hata nyanyako alinyamaza.

Tulimtia kwenye mkokoteni wa hamali kwa kuwa gari haliingii vichochoroni kwetu. Wewe ulikuwa bado umelala. Nilikufunika nikatoka.

Daktari alikuwa Mzungu, mrefu, mwenye mikono myekundu kama mtu aliyetoka kuosha vyombo. Alimgusa babako mahali pawili, akasema maneno machache, na watu wakaanza kukimbia. Nilikaa barazani na nyanyako mpaka adhuhuri. Kisha nesi mmoja akaja akasema amepasuliwa, yu hai, na asipewe kitu chochote kinywani, maji wala chakula, mpaka Daktari aruhusu. Aliyasema akiwa anatembea. Nikamuuliza kwa nini, akasema, "Ndivyo amri ilivyo." Hakuwa mbaya. Wagonjwa walikuwa wengi, na askari wamejaa mpaka kwenye veranda.

Basi hayo ndiyo niliyoyajua mimi, kwamba kuna amri.

Alhamisi tulimwona. Alikuwa na chupa ya maji ya chumvi imening'inizwa, na mpira unaingia mkononi. Midomo imepasuka. Waliniruhusu kumlowesha kwa kitambaa kibichi. Ijumaa alikuwa na nafuu, akaniuliza habari zako na habari za ule mlango. Jumamosi, ndiyo siku ya tatu, alicheka. Uvimbe wa tumbo ulikuwa umeshuka, rangi imerudi usoni. Akanishika mkono akasema, "Zuhura, nina njaa ya kufa. Nipa mkate wa mofa na chai, nitakusamehe mambo yako yote."

Nikamwambia, "Daktari amekataza."

"Daktari amekula asubuhi," akasema.

Nyumbani majirani walikuwa wakiniambia mtu hukaaje siku tatu bila chakula, na kabla ya hapo siku mbili za maumivu. Mmoja aliapa kwamba hospitali haiui kwa kisu, yaua kwa njaa. Nami nalikuwa nikimtazama babako anavyoonyesha mifupa ya shingo. Jamaa waliruhusiwa kuingia mara mbili kwa siku, asubuhi na baada ya adhuhuri. Baada ya adhuhuri nilirudi peke yangu. Chini ya buibui nilikuwa na chupa ndogo ya chai ya maziwa, na mkate wa mofa umefungwa kwa leso. Niliketi upande wa ukuta nikamkinga kwa nguo yangu. Nilirowesha kipande kimoja nikamtia kinywani. Akatafuna macho yamefumba. Kipande cha pili. Cha tatu. Akanywa chai iliyobaki. Kisha akatulia, akaweka kichwa chake kwenye mkono wangu, akasema, "Sasa naweza kuinuka."

Athmani, sikuwahi kuwa na furaha kama ile nilipotoka hospitalini siku ile. Nilitembea mpaka nyumbani, nikakuogesha, nikakwambia baba anakuja. Sijui kama wakumbuka.

Jumapili asubuhi alikuwa na homa. Alitetemeka mpaka kitanda kikalia. Tumbo lilikuwa limeanza kukaza tena, na yeye alilalia ubavu mmoja hataki kuguswa. Daktari akaja na nesi na watu wengine wawili walioshika karatasi. Alisimama miguuni mwa kitanda. Nyanyako alikuwa kulia kwangu, amenishika bega. Mgonjwa wa kitanda cha pili alikuwa ameinua shingo asikilize. Daktari akasema neno, na nesi akalitia Kiswahili, kwa sauti ambayo chumba kizima kiliisikia: "Daktari anauliza, mgonjwa huyu amekula kitu?"

Nilimtazama babako, naye akanitazama. Ilikuwa muda mdogo mno. Nikaona aibu yake na yangu zikikutana pale. Akasema, "Sikula kitu."

Nesi akanigeukia. "Nawe mkewe?"

Nikasema, "Hajala kitu."

Daktari akaandika. Wakasema ni malaria, wakampa kwinini, wakaenda kitanda kingine.

Nimelirudia neno lile mara ngapi, sina hesabu. Hajala kitu. Nimelisema nikipika, nikishona kofia za watu, nikiwa nimesujudu. Wakati mwingine katika fikira zangu nasema lile jingine, nasema "Ndiyo, nilimlisha," na Daktari ananigombeza, na nyanyako anaondoa mkono wake begani kwangu, na watu wa chumba kizima wananicheka, na babako anapona. Hayo yote ningeyachukua. Lakini siku ile yalionekana makubwa.

Jumapili ile ikapita, na Jumatatu asubuhi ikapita. Homa haikushuka. Mchana wa Jumatatu aliingia dresa wa chumba kile, mtu mzima, akiitwa Bwana Hamisi. Nilikuwa nimemwona siku zote akibadilisha vitambaa vya vidonda bila maneno mengi. Alikifungua kidonda cha babako, akakinusa, akakifunga taratibu. Kisha akamwomba nyanyako akae na mgonjwa, akaniashiria nitoke naye barazani.

Barazani kulikuwa na ngazi. Aliniacha nikae ngazi ya juu, yeye akakaa ya chini, akavua kofia akaiweka gotini. Hakunitazama usoni. Alitazama uani. Akasema, "Dada, kuna mtu amekueleza mumeo alifanyiwa nini?"

Nikasema, "Amepasuliwa."

"Amepasuliwa, kisha ikawaje?"

Sikujua. Akaniambia utumbo wa babako ulikuwa umebanwa kwenye tundu la ngiri siku mbili, damu haifiki, ukaoza. Daktari amekikata kile kipande kilichooza, urefu wa shibiri mbili, akatupa. Zikabaki ncha mbili. Akauliza, "Wewe ni mshonaji, sivyo? Nakuona na sindano." Akanyoosha mikono yake miwili mbele, akazikutanisha ncha za mikono ya koti lake. "Hivi ndivyo alivyoziunga, mdomo kwa mdomo, kwa uzi, tundu moja mpaka tundu jingine. Lakini nguo ukishaishona imeshikana. Mwili hauko hivyo. Uzi unazishikilia tu, mpaka nyama zijuane. Siku ya tatu, ya nne, ya tano, bado hazijajuana. Kitu kigumu kikipita, na utumbo wenyewe ni mgonjwa, pale paweza kufunguka. Ndiyo maana ya kumfunga kinywa."

Nilizitazama zile ncha za mikono ya koti lake.

Akangoja. Kisha akasema, akiwa bado anatazama uani, "Mimi mke wangu angekuwa pale kitandani, siku tatu, ananiomba, ningemlisha. Sikuulizi nikugombeze."

Nikasema, "Vipande vitatu. Vya mofa. Na chai ya maziwa."

"Lini?"

"Juzi, baada ya adhuhuri."

Akavaa kofia yake, akainuka, akaniambia, "Umefanya vyema kuniambia." Alikwenda kwa mwendo wa kawaida mpaka alipopinda kona. Nilipokuwa simwoni tena, ndipo nilipozisikia nyayo zake zikikimbia.

Walimpasua tena alasiri ile ile. Daktari alipotoka alikuja mwenyewe barazani, na Bwana Hamisi akawa mkalimani. Akasema pale palipoungwa palikuwa pamefunguka, uchafu umemwagika tumboni, ameosha awezavyo na ametia mpira wa kuutoa. Tungoje. Nyanyako alikuwa amekwenda kutawadha. Nikapata ujasiri wa kuuliza, "Ni mkate?"

Wakasemezana kwa Kizungu kwa muda. Bwana Hamisi akanigeukia, nikaona anayachagua maneno. "Anasema hajui. Anasema pengine pangefunguka hata bila mkate, kwa sababu mgonjwa aliletwa amechelewa na utumbo ulikuwa mbaya." Nikamwambia aniambie yote. "Anasema angalijua jana asubuhi, angalimpasua jana asubuhi."

Basi nimekaa na maneno hayo mawili miaka minane. La kwanza sijalitegemea hata siku moja, ingawa lilitolewa kwa ukarimu. La pili ndilo langu. Kumlisha nilimlisha kwa kumpenda na kwa kutojua, na hilo nimeshajisamehe, au karibu. Kusema hajala, hapo sikuwa na kisingizio cha kutojua. Nilijua kwamba nimeulizwa jambo kubwa, nikamjibu Daktari kwa kuogopa macho ya watu.

Babako alizindukana Jumanne. Alikuwa dhaifu lakini akili yake ni yake. Akaniuliza, "Umewaambia?"

"Nimewaambia."

"Vyema." Akapumzika. Halafu akasema, "Mamangu usimwambie. Hatakuwacha ukae kwa raha."

Nikamuuliza, "Na Athmani?"

Alifumba macho muda mrefu mpaka nikadhani amelala. "Athmani mwambie akiwa mtu mzima. Umwambie mimi niliomba." Kisha akatabasamu kidogo, akasema, "Ule mkate ulikuwa mtamu, wallahi."

Alifariki Ijumaa asubuhi, mkono wangu ukiwa chini ya shavu lake. Wakaja wanaume wakamchukua, akazikwa baada ya swala.

Yaliyofuata uliyaona wewe mwenyewe, ila moja nataka kulisema kwa kuwa sijui kama unalikumbuka kama ninavyolikumbuka mimi. Nilikuwa nimekaa eda. Umekaa kando yangu, wageni wametoka. Ukaniuliza, "Mama, baba alikufa na njaa?" Ulikuwa umewasikia wanawake wakisema. Nikakwambia hapana. Ukafikiri, kisha ukauliza, "Basi alikula nini?"

Nikakupiga kofi. Mdomoni. Nikakwambia nyamaza, maiti hasemwi.

Hukulia. Ulinitazama kama mtu aliyegonga mlango wa nyumba yake akafunguliwa na mgeni. Na tangu siku ile, mwanangu, hukuniuliza kitu tena. Watu walinisifu kwamba nimelea mtoto mtulivu. Ukitoka unasema unakokwenda, ukirudi unasema umerudi. Shuleni wasema ni hodari. Lakini mtoto aliyekuwa akiniuliza kwa nini paka hapigi mswaki, kwa nini wafungwa wanahesabiwa na hali hawana pa kwenda, mtoto yule nilimzika wiki moja na babake, na mkono ulikuwa wangu. Ulipomwambia mwalimu unataka kujua, ndipo nilipojua kwamba swali lile hukuliacha. Ulilichukua tu ukaenda nalo mbali nami, na kesho unalipeleka Nairobi.

Nimemtamani babako kila siku. Wapo wanaodhani mjane huzoea. Nimezoea kazi, nimezoea kulala peke yangu, nimezoea kuamua. Kutokuwapo kwa mikono yake ndiko sijakuzoea. Alikuwa akiingia, kabla hajasema kitu, anapitisha kiganja juu ya meza kutazama kama mbao imenyooka, hata meza ile ile ya kila siku aliyoitengeneza mwenyewe. Nawe unafanya hivyo. Hujui kwamba unafanya. Ndiyo sababu mara nyingine unaingia nami nainuka naondoka chumbani, ukadhani nimekukasirikia. Sikukasirika. Kesho hapatakuwa na wa kuipapasa meza ile, na mimi nitapika chakula cha mtu mmoja, jambo ambalo sijalifanya tangu nizaliwe. Nilijaribu leo asubuhi kukadiria mchele kwa kiganja, nikaona sijui kipimo chake.

Siyasemi haya ili ubaki. Ningetaka ubaki ningekwambia ubaki, na wewe ungebaki, nawe ungekuwa karani mwema anayerudi nyumbani kila alasiri, na mimi ningekuwa na furaha ya kuiba.

Huko uendako watakufunza kukata na kuunga, au kuwashikia taa wanaokata na kuunga. Watakufunza uzi gani na sindano gani. Hayo mimi siyajui. Nilijualo ni upande wa pili wa kitanda. Nimekaa hapo. Utakuja siku moja na karatasi mkononi, utaona mwanamke wa buibui amekaa karibu na ukuta, na utahitaji kumuuliza swali kama lile. Atakuwa amekuficha kitu. Karibu kila mtu pale amemficha daktari kitu, kwa aibu au kwa mapenzi au kwa kuwa hapana aliyemweleza. Mimi sikuweza kumwambia mtu aliyesimama. Nilimwambia aliyekaa ngazi ya chini yangu. Sina zaidi ya hilo la kukufunza, na hilo nimelipata kwa bei ya babako.

Na Bwana Hamisi angenieleza siku ya kwanza yale aliyonieleza siku ya tano, ule mkate ningeula mimi. Yeye mwenyewe alinambia hivyo siku ya msiba. Alikuja kwa miguu kutoka kwake Tononoka, akakaa na wanaume, na kabla hajaondoka akaomba kusema nami nyuma ya pazia. Akasema, "Dada, nilikupita mara ngapi siku zile nikiwa na vitambaa mkononi. Nilidhani umeshaambiwa." Nikafahamu kwamba naye atakwenda na lake mpaka mwisho. Sikumjibu vizuri. Nalikuwa na uchungu wangu. Laiti ningelimjibu vizuri.

Sasa, nilipoanza kuandika nia yangu ilikuwa kuikunja barua hii niitie katikati ya kanzu zako, uikute Nairobi utakapofungua mizigo. Ungeisoma mbali nami. Ungekasirika mbali nami, ungelia mbali nami, na mpaka jibu lako linifikie mimi ningekuwa nimeshajikaza. Nimeandika mpaka hapa ndipo nikaona ninalolifanya. Ni lile lile. Ni kusema kwa namna ambayo sitayaona macho ya anayesikia.

Sitaitia kwenye mizigo.

Adhana imeshapita na nakusikia hapo nje ukimwamkia Bi. Mwana wa nyumba ya pili, naye anakuombea dua ndefu. Ukiingia nitakupa karatasi hizi mkononi, kabla ya chakula. Sitakwenda jikoni wala sitashika sindano. Nitakaa mbele yako mpaka ufike hapa. Kisha uniulize, Athmani. Niulize alikula nini, niulize kwa nini nilisema hajala, niulize lile kofi. Uulize hata kwa ukali. Gari ni la kesho alasiri, na mpaka wakati huo mimi nipo, na nitakujibu kila kitu.

Mamako,
Zuhura